Mashine Izimwe Kidogo

Chumba namba mbili cha kituo chetu cha afya, Usoke,
kimepakana na mashine ya kusaga ya Mzee Kapela.
Ukuta mmoja, matofali ya kuchoma, hayana hata lipu.
Kwa hiyo kila mgonjwa wangu ana moyo wa dizeli
mpaka saa kumi jioni.

Asubuhi nilimpima Shija, miaka sita, homa inawaka.
Kulikuwa na kamnong'ono kembamba,
kama mtu apulizaye chai.
Nikamkalisha: kakapungua.
Homa iliposhuka nikatega tena: hakapo.
Hako hakana neno. Ni damu inakimbia,
kama watoto wakikimbia darasani, nyumba ikiwa nzima.
Nikamwambia mama yake asinunue dawa ya moyo,
hata ya mti.

Kisha akaletwa Nyanzala,
kwenye keria ya baiskeli, kutoka mashamba ya tumbaku.
Miaka ishirini, mimba ya miezi sita,
usiku hulala ameegemea ukuta kama mlinzi.
Daftari lake linasema: pumu.
Ukurasa wa pili: pumu.
Wa tatu, mwandiko wangu, mwezi wa nne: pumu.

Nikatega sikio. Dizeli.
Nikamtuma mhudumu: kamwombe Kapela azime, dakika tano tu.
Akarudi na jibu: kuna foleni ya madebe kumi na tisa,
na mafuta ya kuwashia tena atalipa nani?
Mwambie mimi.

Mkanda ukapiga kofi la mwisho.
Wanawake wakaja dirishani, nyusi nyeupe kwa unga.
Sikumbuki Usoke kuwahi kunyamaza namna ile.

Chuoni Kigoma, Daktari Buhinja
alikuwa akigonga meza kwa kifundo cha kidole
na kutuimbisha kama watoto wa chekechea:

*Shika shingo kwa kidole, sikio li kifuani,
Ukivuma pigo lile, jua ni wa mkazoni,
Ukija nyuma ya lile, huo wa pumzikoni,
Usikimbilie mbele, kosa lake kaburini.*

Tulicheka. Tulikuwa na njaa, ilikuwa saa saba.

Juu, kulia kwa mfupa wa kifua: hakuna mkwaruzo,
hakuna kinachopanda shingoni.
Inama mbele, toa pumzi, zuia. Hakuna.
Chini, kwenye ncha ya moyo: sina hakika.
Lalia ubavu wa kushoto, mama. Polepole.
Nikageuza kipimo upande wa kikombe,
nikaugusisha tu ngozini,
kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani na hataki kubisha.

Pigo. Pigo. Tak, kitu kikafunguka kwa shida.
Halafu ngurumo,
ya chini kabisa, gari la mizigo
ambalo bado halijafika stesheni.

Au ni mashine? Masikio hubaki na mashine
hata baada ya mashine.
Kidole shingoni. Pigo. Ngurumo haiko nalo.
Iko nyuma yake.
Tena: nyuma yake.
Mara saba nikahesabu, na mara saba ilikuwa nyuma.

Kilango kimeshonwa na makovu,
damu inapita ubavuubavu kama mbuzi kwenye tundu la uzio,
na sasa wanaopita ni wawili.

"Ulipokuwa mdogo, koo liliuma? Magoti je?"
Kaka yake ndiye aliyejibu:
"Akiwa na miaka minane magoti yalihamahama,
leo hili, kesho kiwiko. Tulimfunga majani, yakapona."
Yakapona.

Nikaandika barua ya Kitete:
unavumia wapi, lini, na alilalia upande gani.
Kwenye ukurasa wa tatu nikakata neno moja,
mstari mmoja tu, ili lililokatwa lisomeke.

Kapela akaja mlangoni. "Umesikia?"
"Nimesikia."
Akapokea elfu mbili yangu, akaikunja, akaenda kuwasha.

Mwezi wa nne nilimpima chumba hikihiki.
Sikuomba izimwe.